Pima Maji ya Baba

Baba alipofariki, mama alihama Mji Mkongwe akaja kukaa nasi Kidichi. Nguo zake zilienea sanduku moja. Vyombo vya baba, aliyekuwa seremala, vilijaza gari zima: randa, misumeno, patasi, na vibao vya mninga ambavyo mama hakukubali nivigawe. Vikalala chumba cha watoto, watoto wakalala ukumbini. Wiki ya tatu mke wangu akaniambia, kwa upole ulionitia hofu, kwamba uani pana nafasi ya banda.

Banda la mbao nililiagiza kwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kutandika matofali ya pevingi, yale bapa ya saruji, chini yake, yakae sawa, masika yasije yakaozesha mbao. Nilichimba kina cha shubiri, nikamwaga kifusi, nikashindilia, nikatandaza mchanga. Kisha nikatoa pima maji ya baba, ile ya mbao yenye kichupa cha maji katikati, nikaanza.

Kila tofali nililipima, na kila mara kiputo cha hewa kichupani kilitulia katikati. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama. Sakafu imeinama upande wa mkarafuu ulioko mwisho wa ua! Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Nikapima tena: sawa kabisa. Nikamwaga kopo la maji katikati, yakaenda yote kwenye mkarafuu.

Nikafumua. Kesho yake nikaanza upande wa pili, nimeupa mgongo mkarafuu, nikapima kwa makini zaidi. Sasa sakafu ikainama upande wa nyumba. Nilikaa juu ya ndoo nikaona labda ni macho. Mwaka uliopita niliambiwa nivae miwani, nikakataa. Halafu nikaona labda ni ardhi, ingawa sijui ardhi ingefanyaje jambo kama lile.

Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anapeta mchele.

"Mbona huigeuzi?" akaniuliza.

"Nigeuze nini, mama?"

"Hiyo pima maji. Baba yako akiiweka hivi, kisha akiigeuza kichwa mkia, akatazama tena. Siku zote. Mie nkidhani ni mazoea yake tu."

Nikaiweka juu ya tofali: kiputo katikati. Nikaigeuza. Kiputo kikakimbilia pembeni.

"Mama, hii mbovu," nikasema. "Inadanganya. Imepata kuanguka hii."

Mama akaweka ungo chini.

"Nliiangusha mie," akasema. "Mwaka tuliooana. Nlikuwa nafagia, ikaanguka kwenye jiwe la mlango. Nkaipangusa, nkairudisha mahala pake. Sikumwambia."

"Na yeye?"

"Hakuuliza." Akanitazama kama mimi ndiye mwenye jawabu. "Basi alijua?"

Baba alitengeneza milango na makabati maisha yake yote kwa kipimo kile, na kununua kingine kusingemshinda. Je, alijua nani alikiangusha, au alijua tu kwamba kimeharibika? Nilijaribu kumkumbuka akiwa kazini, nikaambulia mgongo wake na vumbi la mbao.

Nikafumua mara ya pili. Sasa kila tofali nililipima mara mbili, nikigeuza, mpaka kiputo kikapotoka kiasi kile kile huku na huku, ndipo nikajua limelala sawa. Ilinichukua siku mbili. Mama aliniletea chai.

Jumamosi banda likaja. Lilikaa imara, mlango ukafunga bila kukwama, na watoto wakarudi chumbani mwao. Mama alipanga vyombo mwenyewe, hakutaka msaada. Nilipopita mlangoni nilimkuta amesimama, patasi mkononi.

"Si angenambia tu," akasema, hakugeuka. "Au mie ndiye nliyepaswa kumwambia?"

Nikasema, "Sijui, mama." Na kweli, mpaka leo sijui.