Hodi ya Mwinyimvua

Mwinyimvua ana adabu mpaka inakera. Akijikwaa kwenye kisiki cha mkoko, kisiki anakipa pole. Ukimkaribisha chakula, hali. Anasema "starehe," halafu papo hapo anakukaribisha na wewe kwake, ukale ambacho hakijapikwa. Ndivyo alivyolelewa Ruaruke, na alipohamia huku deltani kwa mkewe Muzdalifa, adabu zake alikuja nazo zote, hakusahau hata moja.

Kazi yake kuvua kwa mshipi. Mtumbwi hataki, unamtia kizunguzungu. Anapita njia ya mikoko mpaka ufukwe wa nje, anaingia maji ya magoti, anazungusha chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, juu ya kichwa na kuutupa mshipi nyuma ya mawimbi. Chambo chake kamba wadogo. Siku akipata kolekole, harufu ya mchuzi inafika kwa jirani kabla ya salamu.

Lakini kabla hajalowesha mguu, lazima apige hodi. Anasimama ukingoni, kofia mkononi: "Hodi!" Marehemu baba yake alimwambia baharini ni kwa watu, huingii tu kama kuku. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Yeye anapiga hodi, anangoja kidogo, anaingia. Kungoja kwenyewe heshima tu. Nani anategemea bahari iitikie?

Sasa siku moja ya bamvua, maji makubwa ya mwezi, mwaka huu huu, alifika jua limepanda na ufukwe mtupu. Mawimbi yalikuwa yanavunjika, ila kishindo chake kinachelewa, kama mtu anapasua kuni ng'ambo ya mto. Mwinyimvua akavua kofia.

"Hodi!"

"Karibu."

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu aliye jikoni, mikono imo kwenye unga, hajageuka kuangalia nani kaja. Ilitoka majini.

Akatazama nyuma. Hakuna mtu, ni kaa tu, na wenyewe wamesimama.

"Karibu," ikarudia. "Pita ndani."

Mwingine hapo angeshafika Kibiti kwa miguu. Mwinyimvua yeye aliona haya. Umepiga hodi mwenyewe, umeitikiwa, utakimbiaje? Na mguu wa kulia ulishaanza kwenda wenyewe. Kilichomwokoa ni ulimi.

"Starehe," akasema.

Mguu ukasimama. Angeishia hapo, yangekwisha. Lakini adabu ya Mwinyimvua ni kama kwikwi. "Karibuni na nyinyi kwetu."

Wimbi likaja, likalala bila kuvunjika.

"Haya," maji yakasema. "Tutapita."

Tutapita! Yeye alisema "karibuni" kwa heshima, kama unavyomwambia mzee mmoja. Wale wa majini wameichukua kwa idadi.

Nyumbani Muzdalifa alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Hafsa, umealika bahari nzima! Haya, niinjike mchele kiasi gani?"

"Usicheke. Leo atakayepiga hodi usimwitikie. Asiyekaribishwa haingii."

"Hata mama yangu?"

"Hata mama yako."

"Ehe! Hapo ndipo ulipokuwa unapatafuta."

Wametoka tu kuswali adhuhuri, mlangoni: "Hodi!"

"Ka..." Muzdalifa akaanza, mumewe akamziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kamba.

"Hodi!" Hii ya pili ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye maji kinywani. Muzdalifa akaacha kuhangaika.

"Hodi!" Ya tatu walipiga wengi, kwa pamoja, taratibu. Safari hii Muzdalifa mwenyewe alikishika kile kiganja akakikandamiza mdomoni.

Mtu mwenye malezi akipiga hodi tatu bila kuitikiwa, huondoka. Wakaondoka.

Kesho yake jirani yao Haruna akamkuta Mwinyimvua njiani. "Mzee wa adabu, jana nimepiga hodi kwako ukaninyamazia. Kumbe na wewe umo?"

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja tu. Nikaona mna wageni wamesimama barazani, nikasema nisiwaingilie, hodi zilizobaki wamalizie wao. Ila ndugu yangu, mngewapa hata khanga wajifute. Wamelowa wale."

Tangu hapo, ukienda kwa Mwinyimvua usipige hodi. Kohoa, au taja jina lako na la baba yako. Watu wanasema ameota kiburi uzeeni. Ufukweni haendi tena, anavua mtoni. Na kila bamvua wageni wake hupita, wakapiga tatu, wakaenda zao. Kinachompa moyo ni kwamba na wao wamelelewa: kizingiti hawajakivuka.

Sasa Hafsa, binti yao, anakuja Idi na mtoto, na Idi inaangukia bamvua. Mjukuu ndio kwanza anajifunza kusema. Juzi Hafsa kapiga simu, anajisifu.

"Baba, huyu wewe mtupu. Unajua neno lake la kwanza nini? Ukigonga tu mlango, anaitikia: karibu!"