Chumvi ya Ng'ombe

Nililamba chumvi ya ng'ombe, na sioni haya kusema. Pale Nyakahura baba mkwe huiweka kwenye gogo lililochongwa, ng'ombe wakirudi malishoni walambe. Mimi nilikuwa nawatangulia. Mama mkwe aliponifuma, akapiga vigelegele.

"Mimba hiyo!"

Akaniletea na udongo wa kutafuna.

Mimba gani? Nilikonda, fizi na mistari ya viganja ikawa myeusi, nikisimama ghafla naona kizunguzungu. Miezi ikapita, tumbo bapa. Vigelegele vikageuka masimango: mvivu huyu, anajidekeza. Iliniuma sana. Siku nilipoanguka katikati ya maharage, mume wangu akanipakia kwenye pikipiki hadi Nyakanazi, tukapanda basi kwenda hospitali kubwa.

Daktari akasema nina vitezi juu ya figo vilivyogoma kutoa homoni inayoupa mwili nguvu na kuuhifadhia chumvi. Nitameza vidonge kila siku, maisha yangu yote.

"Ukipata homa, meza mara mbili ya kawaida. Ukitapika, wahi hospitali uchomwe sindano. Ukiacha, utakufa."

Nikapona, nikarudi shambani. Kisha malaria ikanipiga. Huku kwetu ukianza dozi ya malaria, dawa nyingine zote unaziweka pembeni, eti zitapigana tumboni. Mama mkwe akachukua kopo langu la vidonge, akalifungia kwenye sanduku lake la vitenge. Alifanya hivyo kwa upendo kabisa.

"Mama, naomba dawa zangu."

"Ukimaliza dozi, mwanangu. Zitakuua hizo."

"Nikizikosa ndiyo nakufa!"

"Lala."

Nilale? Thubutu! Mkamwana hampandishii mama mkwe sauti, wala hagusi sanduku lake. Hilo nalijua tangu nikiwa binti. Nikajikokota mpaka pembeni, nikachukua jembe, nikakipiga kikufuli cha sanduku kikang'oka. Vitenge vikamwagika sakafuni. Nikameza mara mbili mbele yake, macho makavu, huku yeye analia kana kwamba msiba umeshaingia ndani.

Sikufa. Kopo sasa linakaa juu ya meza, na asubuhi nikimwamkia shikamoo haitikii marahaba kabla hajauliza, "Umemeza?"

"Nimemeza, mama. Na vigelegele vyangu viko wapi? Uliipigia mimba ambayo haikuwepo. Nipigie na mimi, niko hapa."