Kisima cha Nkwimba na Chipu Iliyogoma Kusoma

Siku ya kwanza niliingia karakana ya Kanyenye, hapa Tabora, na mtoto mgongoni na darasa la saba kichwani, basi. Fundi Mkuu, mtu wa mjini hasa, kofia nyeupe na vidole vyeusi, alijibu shikamoo yangu bila kuinua macho.

"Marahaba. Unajua kusuka?"

"Ukili au nywele?"

"Waya wa mota."

"Nioneshe mara moja, kisha niondokee hapo mezani."

Jioni nilimkabidhi mota ya pampu imesukwa upya. Aliigeuzageuza akitafuta kosa, akalikosa. "Kesho uwahi," akasema. Niliwahi mpaka nikaitwa bibi.

Chipu zilitukuta hapohapo. Fundi Mkuu alijifunza kuziandikia programu akiwa na mvi, akanifundisha na mimi. Msiogope jina. Programu ni amri: soma, linganisha, washa, zima. Maneno ya Kizungu yaliyomo ni machache, nikayashika kama nilivyoshika majina ya mawifi zangu, bila kuyapenda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huanguka. Kumbukumbu ya chipu ni safu ya vijumba vyenye namba, kuanzia sifuri. Kila kijumba kinabeba baiti moja, yaani herufi moja tu au namba ndogo. Namba kubwa, kama kina cha maji kisimani, inalala kwenye vijumba vinne. Chipu zetu za zamani zilikuwa na moyo mkubwa: uiambie isome vijumba vinne kuanzia popote, itahangaika kimyakimya na jibu itakupa.

Fundi Mkuu alikuwa wa ukoo uliofunga mizigo ya misafara, na ujumbe aliufunga vilevile, hakuna pa kupita hewa. Masanduku yetu ya kuongoza pampu za visima yalipokea ujumbe kutoka kwenye kipimo cha maji: jina la kisima, na papo hapo bila nafasi, kina cha maji. Miaka yote yalifanya kazi, na mimi niliyapenda kama vitoto.

Fundi Mkuu alipostaafu alikuja Meneja, kijana wa chuo mwenye adabu zake. Chipu ya zamani ikapotea madukani, tukanunua mpya ya bei nafuu. Tukaijaribu mezani, jina la kisima tukaandika Kanyenye. Ikaenda kama maji. Tukafunga masanduku mawili kwa wafugaji wa upande wa Igunga: kisima cha Holo na kisima cha Nkwimba. Holo kikatoa maji. Nkwimba, ukiwasha tu, sanduku linakufa.

Tukaenda, mimi na Meneja, kiangazi kimekaza. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye birika kavu wanalamba saruji. Mwenye kisima, mzee mrefu wa Kisukuma, hakutukaribisha hata kigoda.

"Wenzetu wa Holo wananywa. Sisi mmetuletea sanduku la usingizi. Mnyamwezi hata akileta maji anakuja na ukame wake."

"Na Msukuma hata ng'ombe wakinywa atalalamika wamelowa midomo," nikamrudishia utani wake. Akacheka kidogo, kisha akaitazama mifugo yake, kicheko kikaisha.

"Mayu," akaniita, ndiyo mama kwao, "hawa jua la kesho hawalivuki."

Meneja ndiye aliyetoa wazo la kubadilishana masanduku. La Holo lilipofika Nkwimba na kupewa jina la hapo, likafa. La Nkwimba likafika Holo, likafanya kazi. Basi ugonjwa haukuwa sandukuni. Meneja akafungua kitabu cha chipu kwenye kompyuta yake, akawa ananisomea na kutafsiri: chipu hii haisomi namba ya vijumba vinne mpaka ianzie kwenye kijumba ambacho namba yake inagawanyika kwa nne. Ukiilazimisha, inasimamisha kila kitu.

Nikahesabu kwa vidole. Kanyenye, herufi nane. Holo, nne. Nkwimba, saba. Kina cha maji kilianzia kijumba cha saba, chipu ikagoma.

"Bibi," Meneja akasema, "tupunguze herufi tatu. Ng'ombe wanywe leo, mengine tutayamaliza Tabora."

Mzee akasikia. "Nkwimba ni mama yangu. Kisima hiki alianza kukichimba yeye kwa jembe. Unipunguzie mama herufi tatu, abaki nani?"

Meneja akanitazama. Ng'ombe wakalia. Nikaichukua kompyuta, nikapanda kwenye pikapu.

Dawa yake ni hii, na msiisahau. Usiiambie chipu "hapa pana namba" kwa sababu wewe unataka pawe. Tenga vijumba vinne safi vinavyoanzia kwenye namba inayogawanyika kwa nne. Kisha nakili baiti moja, ya pili, ya tatu, ya nne, kutoka zilipo hadi pale. Baiti moja chipu inaichukua popote, haina ugomvi nayo. Zikishakaa sawa ndipo uisome namba nzima. Muda unaopotea ni kidogo kuliko kupepesa jicho.

Nikaipeleka programu sandukuni. Mzee mwenyewe akawasha. Pampu ikakohoa, bomba likatema tope, halafu maji. Hakunishukuru. Aliwapigia mluzi ng'ombe wake.

Tangu siku ile sikuruhusu sanduku litoke karakana bila kujaribiwa kwa majina ya wajukuu zangu wote: Ali, Sada, Abdul, Zuwena, Mariamu. Wajukuu ninao wa kila urefu, namshukuru Mungu.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni risasi ya kulehemu. Vijana wananiambia kompaila, ile inayoigeuza programu iwe lugha ya chipu, inapanga kumbukumbu yenyewe. Inapanga vyako wewe. Kinachokuja kwa waya kimefungwa na mtu mwingine, kwa mkono wake na sababu zake, nanyi mkipokee kama kilivyofungwa.

Juzi mtoto wa yule mzee alinipigia simu. Baba yake amefariki, wamechimba kisima kingine, wanataka kukipa jina lake. "Bibi, jina lake ni refu. Mashine itakubali?"

"Liandikeni lote," nikamwambia.