Mifumo Mitatu na Koti la Kaka Yangu

Sitaki kulisikia neno mfumo. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu mwenye kinyongo.

Zamani tulikuwa na sabuni ya aina moja, na kuipata ilikuwa ni foleni. Ukiipata hukuuliza inanukia nini, ulikimbia nayo nyumbani. Kisha milango ikafunguliwa. Soko likawa huria, kiwanda nilichofanyia kazi tangu usichana kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akaona sisi ni wengi mno. Nikarudishwa nyumbani na kiinua mgongo na cheti cha kunishukuru. Nilinunua kamera ya video, ile ya kanda ndogo, nikafungua chumba cha picha Mwembesongo. Siku za kazi picha za pasipoti, Jumamosi harusi.

Mwanzoni nilizikabidhi harusi kama zilivyo, kuanzia bibi harusi anapopakwa mafuta mpaka masufuria yanapooshwa, na hakuna aliyelalamika. Halafu watu wa Dar wakaanza kutoa harusi zenye mioyo inayopaa na maua yanayofunguka, na muziki unaopita toka mwanzo hadi mwisho. Wateja wangu nao wakataka mioyo. Sasa mioyo haitoki kwenye kamera, inatoka kwenye kompyuta.

Harusi ya kwanza niliyopanga kuitengeneza kwa kompyuta ilikuwa ya binti yangu mwenyewe, mwezi wa nane. Hapo ndipo anapoingia kaka.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Analima ndizi na mboga milimani, saa mbili za kupanda kwa miguu ukishashuka kwenye gari Mkuyuni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo siku ile, sherehe ikiwa kwake mlimani, aliyesimama kumkabidhi binti yangu alikuwa kaka, na mume wangu, ambaye ni baba mzazi, alikaa na kusikiliza kama mgeni mwalikwa. Kaka alikuwa amejinunulia koti la mitumba sokoni, la kahawia, koti la kwanza maishani mwake. Mikono ya koti ilimfika kwenye vidole. Alisema robo saa nzima, Kiswahili na Kiluguru, mkono mmoja juu.

Baada ya chakula alinivuta pembeni.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga kaka, mwanzo mpaka mwisho."

"Basi nitengenezee upesi. Jicho hili limeshakwenda. Hili la pili daktari kasema nalo ni presha ya macho, halipasuliwi, likipotea limepotea. Mimi sijawahi kujiona nimesimama mbele za watu. Nataka nijione na koti langu kabla halijafumba."

"Wiki mbili, kaka," nikamwambia.

Wiki mbili. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.

Nikaenda mjini kununua kompyuta. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi ambaye ukoo wao uliuza masufuria pale tangu enzi za babu yake. Soko lilipofunguliwa, masufuria yalisogezwa ukutani na kompyuta zikawekwa katikati. Nikamwambia nataka ya kutengenezea picha na video. Akaniuliza nataka mfumo gani. Nikashangaa. Nilidhani kompyuta huja na akili yake, kama mbuzi.

"Chukua huu wa kila mtu, mama," akasema. "Dunia nzima wanatumia huu. Ukiharibika, kila kona utapata fundi."

Ningekuwa na masikio ningelisikia lile neno, ukiharibika. Fundi wake aliuingiza kwa sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, nakala ya nakala ya nakala, nami sikuuliza kitu kwa sababu sikujua kama kuna cha kuuliza. Nikaingiza kanda ya harusi. Mioyo ilipaa vizuri kabisa. Lakini kila nilipofika kwenye hotuba, kaka alikuwa akiinua mkono, anafungua mdomo, na hapo hapo kila kitu kinaganda. Nazima, nawasha, naanza upya, anainua mkono, anaganda. Na lile koti la kahawia kwenye monita lilikuwa zambarau kama bilinganya. Nikiligusa koti liwe kahawia, sura ya kaka inageuka kijani. Nikiponya sura, koti linarudi kuwa bilinganya. Nilikesha na hilo bilinganya mwezi mzima, na kama kuna mtu alinipikia bilinganya nyakati zile anajua nilimjibu nini.

Ndipo mume wangu akaona wakati wake umefika. Alikuwa akifanya kazi chumba cha kompyuta cha chuo kimoja pale mjini. Namheshimu mume wangu, lakini ni Mpare, na Mpare akisikia neno bure hutulia kama aliyesikia kengele ya kanisa.

"Mama watoto, futa takataka hiyo," akaniambia. "Uko mfumo wa bure kabisa. Hauna virusi, hauna mwenyewe, umetengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kujitolea."

"Kama ujamaa?"

"Kama ujamaa, lakini huu unafanya kazi."

Akauingiza. Na kwa haki ya Mungu haukuganda hata mara moja. Usingeweza kuganda, kwa sababu haukuwa ukifanya chochote. Kila jioni mume wangu alikaa akiandika maneno kwenye skrini nyeusi, anaandika, anakuna kidevu, anaandika tena. Picha za pasipoti ulizikubali, ila kwenye kuzichapa ulikuwa haupatani na printa. Baada ya majuma manne nikamuuliza kama kompyuta imeshaiona kamera.

"Inaiona," akajibu. "Ila haiitambui."

Nilitoka nje nikasimama uani. Kuna majibu ambayo mwanamke hapaswi kuyapokea akiwa karibu na mchi.

Wakati wote huo kaka alikuwa akinitumia salamu kwa akina mama wanaoshusha kabichi na karoti sokoni. "Kaka yako anauliza, imeiva?" Mwezi wa kumi nikawajibu, mwambieni bado nachagua mfumo. Wiki iliyofuata wakaniletea jibu. "Anasema mifumo tulishamaliza kuchagua. Tume ya vyama vingi ilipopita kuuliza, yeye alisema mmoja unatosha, hawakumsikiliza." Tulicheka wote pale sokoni, nikanunua na kabichi. Nikiwa naondoka mmoja wao akaniita nyuma. "Tena dada, siku hizi akienda mtoni anapapasa njia kwa fimbo."

Nilirudi nyumbani nikaikuta skrini nyeusi na mume wangu mbele yake. Sitaandika niliyomwambia.

Mfumo wa tatu ulikuwa wa padre. Alikuwa padre wa misheni moja ya milimani, mtu mwenye kupenda picha, na mashine yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa, ya watu wa studio za Ulaya. Nilipewa nafasi Jumanne, siku aliyotembelea vigango, makanisa madogo ya vijijini. Nilipoingiza kanda, kaka alitokea na koti la kahawia. Kahawia ileile. Nilitaka kulia pale kwenye nyumba ya mapadre. "Hapa, dada, rangi ni rangi," padre akaniambia aliporudi jioni, kwa majivuno ambayo nadhani aliyaungama baadaye. Nikaanza kuwaza namna ya kununua kama ile, nikauliza mji mzima nani anaweza kuifungua ikiharibika. Hakuna. Mwenye duka alicheka. Mume wangu alisema ile ni ubepari. Nikasema sawa, nitaimaliza kazi ya kaka kwa hiyo hiyo ya padre, Jumanne kwa Jumanne. Nilikuwa nimefika kwenye kukata keki padre alipohamishiwa jimbo jingine, akaondoka na mashine yake na harusi yangu ikiwa ndani.

Sasa mtu atauliza, kwa nini usimpelekee kaka hata kile kipande kibovu? Nami nimejiuliza sana. Jibu la kweli linaniaibisha. Sikutaka aone bilinganya. Kila mtu aliyenishauri alinionyesha kwamba iko iliyo bora zaidi mahali fulani, nami nikaamini kwamba kwa kuwa iko, sina ruhusa ya kutoa pungufu yake. Wakati wa sabuni moja ningempelekea hicho hicho siku ya pili yake, na povu lake lile lile hafifu.

Mwezi wa kwanza nilirudi kwa mwenye duka. Nikampigia kelele mpaka wateja wa masufuria wakageuka. Safari hii aliweka mfumo ule ule wa kila mtu, lakini kwa sidii halali iliyotoka kwenye boksi lake, akaongeza na kumbukumbu ya mashine. Haukuganda tena. Nilimaliza Juma Kuu. Koti peke yake lilinichukua siku tatu, pindo kwa pindo, mpaka likawa kahawia ya kweli. Sauti sikuhangaika nayo. Siku ya harusi palikuwa na upepo, watoto na jenereta, kwa hiyo nilifanya kama wafanyavyo watu wa Dar, nikafunika kila kitu kwa muziki laini wa kinanda. Nikairekodi kwenye sidii. Ilikuwa harusi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Jumatatu ya Pasaka nilipanda mlima kwa matope ya masika. Mkobani nilikuwa na sidii, na kamera pia, kwa kuwa nilitaka kumpiga kaka akijitazama. Kanda ya asili nilikuwa nayo vilevile. Baada ya yote yaliyonipata, sikuiamini kompyuta kukaa nayo nyumba moja.

Kaka alitoka kunipokea akishika ukuta. Alikuwa amevaa koti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ni wewe? Umekuja na mfumo?"

Alikuwa akitabasamu, lakini alitabasamia mgomba uliokuwa nyuma yangu, na mimi nilisimama kushoto. Nikamtazama wifi, mkewe. "Tangu mwezi wa pili," wifi akasema taratibu. "Alikataza tusikwambie. Alisema utaharakisha ukakosea."

Tulikwenda kwa katekista, jirani yao, aliyekuwa na deki ya sidii na televisheni ndogo inayotumia betri la gari. Kaka aliketi mbele kabisa, magoti karibu yaguse kioo. Katekista akawasha. Televisheni ilikuwa ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Miezi minane ya bilinganya, siku tatu za pindo kwa pindo, na harusi yote ikatoka rangi ya majivu.

Kinanda kikaanza. Kaka akainamisha kichwa, akasikiliza, akangoja.

"Hiyo ni redio?"

"Ni harusi, kaka."

Akangoja tena. Mioyo ikapaa. Keki ikakatwa.

"Mimi nitasema saa ngapi?"

Kwenye kioo alikuwa amesimama, mkono juu, mdomo unafunguka na kufumba.

"Unasema sasa hivi, kaka."

"Mbona napiga kinanda?"

Hakuna aliyecheka. Watu watatu walinishauri, tukagombana miezi minane kwa rangi na mioyo, na hata mmoja wetu hakukumbuka kwamba yule mtu alikuwa na maneno.

"Ile mashine uliyonipigia," kaka akasema, "si unayo?"

Nilikuwa nayo. Na mfukoni mwa mkoba wa kamera ulikuwemo waya mfupi uliokuja nayo ndani ya boksi, ambao sikuwahi kuutumia kwa sababu hakuna aliyeniambia una kazi gani. Katekista alichomoa waya wa deki, akauchomeka huu. Nilirudisha kanda, nikabonyeza. Dakika mbili hazikufika. Hapakuhitajika mfumo wowote, wa duka, wa bure wala wa padre, na ningeweza kufanya hivyo siku ya pili ya harusi, jicho la kaka likiwa bado linaona.

Upepo ukavuma, watoto wakapiga kelele, jenereta likanguruma. Kisha sauti yake.

"Bwana harusi, huyu mtoto akikushinda usimpige. Mrudishe. Njia ya kupanda kwetu unaijua, leo imekuchosha."

Watu walicheka kwenye kanda, na kaka naye akacheka kwenye kiti, akapiga paja. Alisikiliza yote, robo saa nzima, midomo yake ikifuata. Ilipokwisha aligeuza uso kunitafuta.

"Koti je? Linaonekana?"

"Linaonekana, kaka."

"Rangi yake imetoka?"

Katekista alinitazama. Wifi alitazama chini. Kwenye kioo lilikuwa la majivu.

"Imetoka. Kahawia ileile."

"Na mikono si mirefu?"

Pale alipoinua mkono, vidole vilichungulia kidogo tu.

"Imekukaa, kaka."

"Nilijua," akasema. Akazivuta pindo za mikono zikae sawa, akaketi wima kuelekea televisheni. "Rudisha nyuma. Anzia pale niliposimama."