Jina la Baba Kwenye Jiwe la Mbali

Dada yangu alikuwa sista. Shirika lake lilimtuma Italia, katika mji mdogo ulioachiwa na Warumi wa kale lango, kipande cha ukuta na mawe ya makaburi. Jumapili alitupigia video, akatuonyesha mawe hayo yamejengewa kwenye ukuta wa kanisa, majina bado yanasomeka. Mama alikuwa anacheka, anauliza kama watu wa huko hawana mashamba ya kulima, mpaka wasimame kusoma majina ya wafu wasiowajua.

Kisha dada akaugua, akafia huko. Masista walitupigia: wangemzika katika makaburi ya mji, lakini walisubiri neno la Mama.

Sisi Wanande wa mashariki mwa Kongo tunamzika mtu kwao, kwenye shamba la baba yake, kando ya migomba. Shamba letu liko ng'ambo ya Beni, kwenye kakao, na Baba amelala humo. Tulilikimbia wakati wa mauaji, waasi walipokuwa wakiua watu mashambani. Jirani aliyerudi kuvuna hakuonekana tena. Leo tunapanga mjini Butembo, vyumba viwili vyenye baridi.

Shangazi walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwili ukikosekana, tuzike shina la mgomba mahali pake, kama wazee walivyofanya. Nilikasirika, sikuficha. Tulizike wapi, kwenye ua wa mwenye nyumba, ambaye kesho anaweza kutufukuza? Shangazi mmoja akaanza kulia, nikaona aibu, lakini hasira haikuisha.

Mama alikaa na kitenge kichwani, hakula. Kesho yake asubuhi aliniita jikoni.

“Bamuzike kule,” akasema. “Kule batu banachunga hata makaburi ya benye habana ndugu. Lakini ubaambie, chini ya jina yake baandike na ya baba yenu. Kaburi yake ya huku, pori ilishakula.”

Nilituma ujumbe wake wote, neno kwa neno. Dada alizikwa, tulitazama kwenye simu, picha ikikatika kila mara. Baadaye mkubwa wa masista akaniandikia kwa upole: kanuni yao ni moja kwa wote, jiwe la sista huandikwa jina la sista peke yake.

Sijamwambia Mama. Kila Jumapili, tukitoka misa, ananiuliza kama wameshamwandika Baba.