Nusu Kichwa cha Mwenyekiti

Kwa Jenipher Nyamhanga, anayesukwa ndiye anayesoma. Sheria hiyo haijaandikwa ukutani, lakini wanawake wa mtaa wetu wa Iringo wanaijua. Ukikaa kwenye kigoda chake, ukainamishwa kichwa, unawekewa kitabu mapajani.

"Macho yako hayana kazi," atakwambia, "mikono yangu inayo. Soma kwa sauti."

Alizaliwa Butiama, mtoto wa tano wa mfugaji, akaacha shule darasa la nne kwa sababu ng'ombe walikosa mchungaji. Anasoma polepole, kwa kufuata kidole, na vidole vyake vimo kwenye nywele za watu tangu asubuhi. Kwa hiyo miaka kumi na tisa sasa anasomewa na wateja: wauza dagaa, manesi, wake wa wachungaji, na mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ndimi niliyempelekea vitabu vilivyozua haya yote.

Mwaka jana kamati ya wazazi ya shule yetu iliamua riwaya moja itolewe maktaba, nakala zote kumi na nane. Ni hadithi ya binti anayegoma kuolewa, akawachekesha wazee wa ukoo mpaka wanasahau kilichowaleta. Barua yao ilisema ina mafunzo mabaya, hasa ukurasa wa sitini na moja. Niliisaini, nikavitoa vitabu kwenye rafu, nikajiona mnyonge kwa namna ambayo bado sijaizoea. Lakini barua haikusema vipelekwe wapi. Nilivipanga kwenye boksi la sabuni nikavipeleka kwa Jenipher.

"Vimefanya nini?" aliuliza.

"Vimekatazwa."

"Maskini. Viingie ndani basi, visikae juani."

Nilikuwa nimekifundisha kitabu kile miaka mitatu, wanafunzi wakisinzia. Baada ya kukatazwa, walijaa kwa Jenipher hata wenye nywele zilizosukwa juzi. Wasichana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakibishana mlangoni kuhusu sura ambazo darasani waliniapia kwamba hazieleweki.

Habari ikamfikia Mama Clever, mwenyekiti wa kamati. Huyo ndiye pia mwenye fremu ya duka anayopanga Jenipher. Alikuja Alhamisi moja ya likizo, asubuhi, na mfuko wa rasta za kusukia mkononi. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nasubiri zamu yangu.

"Jenipher, nina mambo mawili," alisema. "Jumamosi tunamuaga binti yangu, ni sendofu yake kule Bunda. Nataka mistari midogo midogo. La pili, lile boksi litoke leo. Lisipotoka, utatoka wewe."

Jenipher alizitazama nywele zake kwanza. "Tuanze na lipi, mama?"

"Tuanze na kichwa."

Hapo ndipo alipokosea. Mistari midogo ni kazi ya saa sita. Ilipofika adhuhuri, upande wa kushoto ulikuwa umelala vizuri na wa kulia umesimama wote kama majani ya mlimani. Jenipher akamwekea kitabu mapajani.

"Mimi sisomagi uchafu," Mama Clever alisema.

"Basi nisomee penye uchafu tu, nijue ninachofukuziwa. Kila anayekaa hapa namuuliza uchafu uko wapi, ananiambia bado hajaufikia."

Benchi zima tulicheka. Mama Clever akavaa miwani, akafungua, akaanza kupekua kama mtu anayetafuta chumba kwenye nyumba ngeni.

"Mwenyekiti," nilisema, na sauti yangu ilinishangaza, "hujawahi kukifungua?"

Alirekebisha miwani. "Niliambiwa na katibu."

"Na katibu?"

"Aliambiwa na Mwalimu Felisian."

Felisian anafundisha hesabu chumba kinachopakana na changu. Hasomi hata tangazo la kikao.

Mama Clever angeweza kusimama akaondoka, lakini angepita vipi barabarani na nusu kichwa? Akasoma. Ukurasa wa sitini na moja, mchumba ameleta ng'ombe arobaini, wazee wanawasifia. Binti anamwomba amtaje mmoja tu kwa jina. Mchumba anatoa macho. Binti anamsogelea ng'ombe mwekundu anayemjua kwa jina, anasema, "Shangazi, nenda nyumbani." Ng'ombe anageuka, anashika njia ya boma la jirani alikoazimwa, na wengine kumi na watatu wanamfuata mmoja mmoja, mbele ya macho ya wazee.

Mama Clever alianza kutikisika mabega. Kisha akacheka kweli, kitabu kikaanguka.

"Tulia mama, mstari unapinda!"

"Si huyu Shangazi wenu!" Alijifuta machozi, akaokota kitabu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akafungua ukurasa wa sitini na mbili.

Saa kumi jioni alijitazama kwenye kioo. Mstari wa nne kulia ulikuwa umepinda.

"Niufumue?" Jenipher aliuliza.

"Uache." Alilitazama boksi. "Sasa hili, Jenipher."

"Fremu ni yako, mama. Ukinitoa nitatoka nalo, nitasukia nyumbani kwangu. Ninachokuomba, usinitoe kwa sababu ya Mwalimu Felisian. Kimalize mwenyewe, halafu njoo unitoe."

Mama Clever alivua miwani. Alikiingiza kitabu kwenye mfuko pamoja na rasta zilizobaki, akatoka akiwa ameinua kichwa.

Wiki tatu tulingoja. Jenipher alisuka kama kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia mlango kila kivuli kilipopita, nikiwaza lile boksi na saini yangu. Kisha Mama Clever akaja kufumua, mstari wake uliopinda ukiwa bado ulivyo. Kitabu kilikuwa na doa la mafuta ya pilau kwenye jalada.

"Ukurasa wa sitini na moja walikosea," alisema huku akikaa. "Mbaya ni wa tisini."

"Na boksi?" Jenipher aliuliza.

"Kamati bado inachunguza. Nimewaambia waje wenyewe, mmoja mmoja, wasome."

"Wanaume pia? Nitawasuka nini?"

"Utajua mwenyewe, wewe ndiye fundi."

Jenipher alichomeka chanuo kwenye nywele zake mwenyewe, akamwinamisha Mama Clever kichwa.

"Haya, mama. Wa tisini."