Micro-onde mupya niliyonunulia Koko, na zile siku alikula chakula ya baridi

Wakuu, jambo kwenu bote, ba huku Kongo na ba ng'ambo ya mupaka.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu. Kuandika naogopa, juu masomo yangu iliishia deuxième secondaire. Mais hii mambo imenikaa kwa roho wiki tatu sasa. Naisimulia vile ilikuwa, hata pale inanipa haya.

Niko Butembo, commune ya Mususa. Nashona nguo kwa atelier ya mama mumoja karibu na soko. Naishi na Koko, mama muzazi wa mama yangu, ndiye alinilea. Macho yake imeingia ukungu. Anaona mwanga na kivuli, sura ya mutu hapana.

Muchana niko kazini, yeye anabaki peke yake. Donc micro-onde, ile mashini ya kupasha chakula, kwetu si kitu ya kujionyesha. Asubuhi napika maharagi ao sombe, naweka kwa sahani, saa sita Koko anapasha moto mwenyewe, anakula.

Ile ya zamani ilikuwa nzee, mulango tulikuwa tunaifunga na elastique ya suruali. Mais Koko aliijua vizuri, na bouton yake ya kuzungusha. Siku ya kwanza ya ile juma, Jumatatu, courant ya umeme ikarudi na nguvu, ikapiga kishindo ndani, moshi ikatoka, basi. Ikafa.

Kesho yake, mimi niko kazini, Koko akajaribu kuwasha babula, lile jiko ya makala. Kipande ya moto ikaanguka kwa kikwembe, kitenge yake ya kujifunga. Jirani yetu Mama Kavira akamukimbilia na ndoo ya maji. Koko hakuungua, kikwembe tu ilitoboka.

Mais habari ilifika Beni mbele mimi nitoke atelier.

Kule Beni kuko mujomba Paluku, mutoto wa kwanza wa Koko. Anasafirisha kakao kutoka Oicha. Akanipigia simu.

"Kahindo, sikiliza muzuri. Jumapili nakuya. Nikikuta mama angali anagusa moto kwa ile nyumba, nampandisha kwa gari, naenda naye Beni."

"Mujomba, natafuta micro-onde ingine."

"Tafuta. Mimi nakuya."

Wakuu, Koko hataki Beni. Hapa anajua kila kitu kwa hatua: hatua tisa mpaka choo, kumi na ine mpaka bustani yake ya lengalenga, ule muchicha. Iko na chorale yake ya kanisa. Aliniambia, "Kule nitakuwa kama muzigo wanaweka kwa kona, wanazunguka." Na mimi, akienda, nani ataniuliza jioni kama nimekula?

Ile usiku sikulala. Kila nikifumba macho naona gari ya mujomba inatoka, kichwa ya Koko kwa dirisha.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa patronne, nikaenda centre-ville kwa boutique ya Papa Idi. Ni mufanyabiashara mwislamu, anauzisha vyombo vya courant, mupya na occasion, zenye zimetumika.

Niseme kidogo kwa bale bako wanatafuta pia. Hapa kwetu parcelle moja, kiwanja moja, inaweza kuwa na nyumba ine kwa compteur moja ya courant. Ukileta micro-onde ya kula courant mingi, disjoncteur, ile inakata courant, inaanguka, jirani bote banakuwa giza na wanakutukana wewe. Donc nilijua kuuliza puissance, nguvu ya courant inakula. Nilijua kufungua mulango na kuzungusha sahani ya ndani. Nilijua kuomba essai: anaweka glasi ya maji ndani, dakika moja, unagusa. Nilijiona mujanja kabisa.

Mais mimi ni mutu wa ndoto. Siku moja nataka kuwa na ka-restaurant kangu, carreaux nyeupe kwa sakafu, vitambaa vya meza nimeshona mwenyewe. Na pale kwa étagère kulikuwa na moja nyeusi, ya tactile, unagusa kioo tu, haina hata bouton moja, inang'aa kama kiatu ya mubunge. Ukiiwasha inaleta mwanga ya bluu.

Papa Idi akauliza, "Ni ya nani?"

"Ya nyumba," nikajibu.

Ni ile neno moja iliniharibia. Sikusema ni ya mama mwenye haoni.

Jioni nikashika shanga tatu kutoka atelier, nikazibandika na colle pembeni ya mahali pa kugusa, ili kidole ya Koko ipate njia. Nikashika mukono wake nikamufundisha mara nyingi. Akatabasamu.

"Iko muzuri sana, mwana wangu. Asante."

Siku ya ine na siku ya tano, Alhamisi na Ijumaa, nikampigia saa sita kamili.

"Koko, umekula?"

"Nimekula."

"Ya moto?"

"Ya moto. Fanya kazi yako."

Nikarudia mashini yangu nikiimba.

Siku ya posho, Jumamosi, courant ilikatika asubuhi, ikarudi kisha. Atelier ikafungwa mapema, nikafika nyumbani saa sita bila kumwambia Koko. Kitu ya kwanza niliona ni ile micro-onde: zéro ine zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika. Mwenye iko na ya tactile anajua. Courant ikikatika saa inapotea, na zile zéro zinabaki mpaka mutu aguse.

Hakuna mutu alikuwa ameigusa.

Koko alikuwa amekaa kwa kiti yake, sahani kwa magoti, anakula na mukono. Nikagusa sahani. Baridi kama jiwe ya muto.

"Koko, umepasha hii?"

"Imepoa tu."

"Koko."

Akaacha kutafuna.

"Ulikuwa na furaha sana, mwana. Na Paluku anakuya kesho. Nikasema nitajifunza pole pole."

"Na jana? Na juzi?"

"Maharagi ya baridi haiui mutu, Kahindo."

Nililia wakuu, sifichi. Mutu alikubali kula baridi siku tatu ili mimi nisijue nimekosea.

Akanieleza shida. Bouton ya kuzungusha inamungojea mutu. Unaipapasa, unajua iko wapi, kisha unaamua. Tactile haingoji. Kidole ikiwa ingali inatafuta, tayari imeamuru kitu. Mara inalia, mara inaanza dakika makumi tatu, mara inasimama. Koko aliogopa italipuka kama ile ingine. Shanga zangu zilimuonyesha tu mahali pa kuogopa.

Nilipomaliza kulia akasema, "Sasa nipeleke kwa huyo muuzaji."

Akavaa kikwembe ya kanisa. Moto moja, pikipiki, ikabeba sisi, moto ya pili ikabeba carton ya micro-onde. Njia yote nilimushika mikono yake kwa tumbo yangu, na kila shimo moyo yangu ilikuwa inaruka mbele ya moto.

Kwa facture, karatasi ya malipo, imeandikwa kitu ikisha kuuzwa hairudishwe. Nilikuwa na hiyo karatasi kwa mukono kama mwizi. Kijana ya boutique akamuangalia Koko, akacheka kidogo.

"Mama, umekuya kununua ao kusalimia?"

"Nimekuya kugusa," Koko akasema.

Papa Idi akatoka nyuma ya comptoir, akaleta kiti, akamukalisha. Nikamwambia yote. Akaanza kumuletea micro-onde moja moja kwa meza.

Koko akazipapasa kama anachagua kuku.

"Hii iko na vidoti mingi kama mutoto mwenye surua. Toa."

"Hii mulango yake inauma. Toa."

Ya ine ilikuwa rangi ya maziwa, bouton mbili kubwa za kuzungusha. Akazungusha ya chini, ikaanza tik tik tik. Akainamisha sikio.

"Hii inaongea."

"Mama, hiyo ni occasion," kijana akasema. "Imechubuka ubavu."

"Na mimi siyo occasion? Nani hapa ananitupa?"

Boutique nzima ikacheka, hata wateja. Akafanya essai yeye mwenyewe, mara tatu, glasi ya maji mara tatu, mpaka Papa Idi akauliza kama tunapika chai ya harusi.

Akatubadilishia. Aliniambia mimi peke yangu, pole pole: "Ile maandishi ya facture ni ya batu ba kudanganya. Wewe hukudanganya, ulisahau tu kuniambia nani ataitumia. Siku ingine leta mwenye vidole."

Jumapili tukatoka kanisa mapema. Mujomba alisema atafika saa sita.

Saa saba, hapana. Saa nane, hapana. Simu yake imezimika.

Bale banajua barabara ya Beni na Butembo, na waasi wenye wanaotea magari, banajua vile roho inaenda. Mutu akichelewa pale hauulizi amechelewa juu ya nini, unaogopa kuuliza. Asubuhi nilikuwa naomba Mungu gari yake ikose mafuta, asikuye kutunyanganya Koko. Saa nane nilikuwa naomba Mungu asahau ile ombi. Koko alikaa kwa mulango, anageuza sikio kwa kila gari inapita.

Saa tisa na nusu akaingia, matope mpaka magoti. Pneu mbili za gari zilipasuka, na simu iliisha charge. Koko akamupapasa uso yote, masikio yote, kama yule anahesabu kama hakuna kitu imebaki njiani.

Mujomba akakaa. "Mama, niko na njaa."

Chakula yote ilikuwa imepoa. Nikasimama.

"Kahindo, kaa chini."

Koko akaenda mwenyewe. Mukono kwa ukuta, mukono kwa meza, sahani ndani, mulango, bouton. Tik tik tik. Mujomba alimuangalia bila kupepesa. Ikalia ting. Koko akashika sahani na kitambaa, akaiweka mbele ya mutoto wake, na mvuke ikapanda.

Alikula yote, ameinamia sahani. Kisha:

"Mama, si moto tu naogopa. Niko kule kwa kakao, saa sita inafika, na sijui kama umekula."

"Basi uliza."

"Nikiuliza utaniambia ukweli?"

Koko akageukia upande wangu, kule alisikia pumzi yangu.

"Kuanzia leo, ndiyo."

Siku ya kwanza, Jumatatu, mujomba akarudi Beni peke yake. Alisema atakuya kila mwezi kuangalia. Donc woga haijaisha, imepunguka tu.

Wakuu, funzo yangu ni ndogo. Kitu ya jikoni hainunuliwe kwa macho ya yule analipa. Mwenye ataitumia aende boutique, aguse, afanye essai na mikono yake, hata kama ni muzee, hata kama njia ni mubaya. Na kama mutu anakupenda, usiamini haraka akikwambia zawadi yako iko muzuri.

Sasa nisaidieni. Natafuta stabilisateur, chombo ya kutuliza courant, juu courant yetu ingali inarudi na nguvu na hii ya occasion naiogopea usiku na muchana. Mwenye ametumia moja ikadumu, aniambie ni ya namna gani. Na mwenye ameishi na muzee asiyeona, aniambie vile alifanya.

Saa sita tu msiningojee, nakuwa kwa simu na Koko, na mujomba pia anampigia kutoka Beni. Jana Koko alitukaripia sisi wawili: tunamuulizia chakula mpaka inapoa, na anaipasha mara ya pili.